Jinsi ya kusanifu stabilaiza ya gari isiyokatika mapema

Mtu ambaye stabilaiza ya gari lake (fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia ili bodi isiiname sana kwenye kona) imekatika aghalabu huomba atengenezewe nyingine iliyo nene zaidi, na fundi humkubalia bila kupiga hesabu. Unene huongeza ukakamavu, lakini hauongezi umri wa chuma moja kwa moja, na wakati mwingine huufupisha.

Anza kwa kupima mwendo. Ondoa springi, inua gurudumu moja hadi mwisho wake na ushushe la pili, kisha upime kila ncha ya stabilaiza imesogea kiasi gani. Tuseme mkono (kipande cha pembeni kilichokunjwa kuelekea gurudumu) wa milimita 300 umepanda milimita 40 upande mmoja na kushuka 40 upande mwingine: sehemu ya katikati itasokotwa takriban digrii 15. Ikiwa sehemu hiyo ina urefu wa mita 1 na kipenyo cha milimita 20, mkazo wa msokoto kwenye uso wake utafika megapaskali 210 hivi, na kila ncha itabeba nguvu ya niutoni 1,100. (Nimeichukulia mikono kuwa haipindi, kwa kweli hupinda kidogo, hivyo hesabu inakosea upande wa usalama.) Ongeza kipenyo hadi milimita 24: kwa kuwa ukakamavu hufuata kipeo cha nne cha kipenyo, nguvu itapita niutoni 2,200, na kwa mwendo uleule mkazo utapanda kwa asilimia 20. Ni kweli kwamba kwenye kona bodi itainama kidogo kuliko awali na msokoto utapungua, lakini gurudumu moja likitumbukia shimoni hushuka lilivyoshuka siku zote, uwe umeongeza unene au hukuongeza.

Chuma kiwe cha springi, kilichopashwa moto, kikazimishwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kwa joto la chini ili kisiwe chepesi kuvunjika. Usikichomelee baada ya hapo, hata kwa kibano kidogo, kwa sababu joto la kuchomelea huharibu kazi yote hiyo pembeni mwa mshono, na ufa huanzia papo hapo.

Mikunjo ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Mimi sishuki chini ya nusu kipenyo cha mkunjo kilicho mara moja na nusu ya unene wa chuma, na nikiona mahali palipopinda pamebonyea na kuwa kama yai, kipande hicho nakikataa. Bushi (mipira inayoishikilia stabilaiza kwenye gari) zisogezwe karibu na mikunjo kadiri nafasi inavyoruhusu, maana kipande kinachoning'inia nje ya bushi hupindwa huku kikisokotwa.

Chukua stabilaiza iliyokatika uitazame kwa karibu. Mara nyingi imekatika kwa mshazari wa digrii 45 hivi, na kwenye uso wa mpasuko kuna eneo laini lenye mistari ya duara inayoanzia kwenye kitobo kimoja kidogo cha kutu, halafu eneo la chengachenga lililokatika kwa mara moja. Kitobo hicho hupenda kukaa chini ya bushi, ambako mchanga na maji hunaswa na kusaga rangi. Kwa hiyo, baada ya kupasha moto, uso ugongwe kwa chembe za chuma ili ubaki na mkazo wa kubana unaozuia ufa kufunguka, ndipo upakwe rangi ngumu ya unga. Nayo bushi ibane bila kuacha upenyo.

Bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 24 na cha ndani cha 16 hupunguza uzito kwa asilimia 44 kuliko chuma kisicho na tundu cha kipenyo hichohicho, huku likipoteza ukakamavu wa asilimia 20 tu, ila kutu ya ndani haionekani. Ziba ncha zake vizuri.

Mwisho, chora mstari mnyoofu wa chaki kwenye sehemu yote ya katikati, sokota stabilaiza hadi mwendo wake wa juu kabisa mara kadhaa, kisha uiachie. Mstari usiporudi kunyooka, chuma kimeshapita kiwango chake, na sanifu hiyo irudi mezani kabla haijafungwa kwenye gari.