Mapumziko na Mazoezi ya Njiwa wa Mashindano Baada ya Safari

Njiwa akishafika kutoka mashindanoni, pete yake ya mguuni ikasomwa na muda ukaandikwa, wafugaji wengi huona kwamba kazi ya wiki imekwisha. Kwangu mimi kazi yenyewe huanzia hapo, kwa kuwa nguvu atakayoitumia katika safari ijayo hujengwa katika siku chache zinazofuata, na kosa linalofanyika katika siku hizo halirekebishiki kwa chakula kizuri wala kwa dawa. Ninafuga njiwa Nyegezi, jijini Mwanza, karibu na Ziwa Victoria, na ninawarusha kutoka upande wa kusini tu, yaani Misungwi, Shinyanga na, mara chache, Tabora, kwa sababu njiwa huogopa kuvuka maji mengi na sioni faida ya kuwalazimisha. Maelezo haya yanahusu upepo, nafaka na ndege wawindaji wa huku kwetu, ingawa mwili wa njiwa ni uleule popote alipo.

Kupima uchovu kabla ya kupanga mapumziko

Kwa mstari ulionyooka, Misungwi iko takribani kilomita 40 kutoka jijini Mwanza, Shinyanga takribani 140 na Tabora takribani 280. Njiwa mwenye afya, hewa ikiwa tulivu, huruka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, hivyo wa Shinyanga tunamtarajia baada ya saa 2 hivi na wa Tabora baada ya saa 4 au zaidi kidogo. Hata hivyo umbali peke yake haumwelezi mfugaji kila kitu. Asubuhi hewa ya hapa huwa imetulia, lakini kuanzia mchana, nchi kavu inapopata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea bara, na njiwa anayetoka kusini hukutana nao usoni katika kilomita za mwisho, wakati ambapo akiba ya mwili wake imekwisha kupungua sana. Kwa sababu hiyo mimi humpa njiwa wa Shinyanga aliyefika saa 9 alasiri mapumziko marefu kuliko mwenzake aliyefika saa 4 asubuhi, ijapokuwa walifunguliwa kutoka tenga moja na wamesafiri njia ileile.

Kipimo cha pili ni mkono. Mpe kwanza njiwa nafasi ya kunywa na kutulia, kisha mshike, miguu yake ikiwa kati ya kidole cha shahada na kidole cha kati, kidole gumba kikizuia ncha za mbawa, na upitishe vidole vya mkono wa pili kando ya mfupa wa kidari. Misuli ya kidari ndiyo inayosukuma mbawa, nayo huchukua takribani robo ya uzito wote wa njiwa wa mashindano, au zaidi. Kwa njiwa aliyetoka safari ngumu utaikuta imebonyea pande zote mbili, imekaza kama udongo uliokauka, na ukipuliza manyoya ya kidari kando utaona ngozi ina rangi ya bluu badala ya uwaridi. Misuli iliyopona huwa imejaa na inabonyea kidogo kisha inarudi, mfano wa embe linaloanza kuiva. Mtu akiwashika njiwa wake kila siku kwa wiki 3 mfululizo, vidole vyake vitajua tofauti hiyo bila kuhitaji maelezo zaidi.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu husaidia sana. Jike wangu mmoja wa rangi ya majivu alikuwa na gramu 446 jioni ya kuwekwa tengani, na alipofika kutoka Tabora alikuwa na gramu 391. Sehemu kubwa ya upungufu wa namna hiyo ni maji, ambayo hurudi ndani ya siku moja. Sehemu iliyobaki ni mafuta na akiba ya misuli, na hiyo ndiyo inayochukua siku kadhaa. Kwa hiyo usidanganywe na uzito wa siku ya pili asubuhi.

Saa za kwanza bandani

Maji ndiyo ya kwanza. Njiwa hanywi kama kuku kwa kuinua kichwa, bali huzamisha mdomo na kufyonza, hivyo chombo kiwe na kina cha sentimita 3 au zaidi, maji yawe safi na yasiwe ya baridi kali. Mimi humpa maji matupu kwanza, na baada ya nusu saa ninaweka ORS ya duka la dawa, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, nikichanganya kwa lita 2 pakiti ambayo kwa binadamu huchanganywa kwa lita 1, kwa sababu mwili mdogo wa ndege hauhimili chumvi nyingi. Jioni ninamwaga yote na kurudisha maji ya kawaida. Asiye na ORS anaweza kutumia kijiko kidogo cha asali katika lita moja ya maji, nayo yasilale bandani hadi kesho yake, kwa kuwa yanachacha upesi.

Chakula cha siku hiyo kiwe chepesi na kidogo: mtama, uwele, mpunga au ngano, nusu ya kiasi alichozoea. Njiwa mzima hula takribani gramu 30 hadi 35 kwa siku, kwa hiyo gramu 15 zinamtosha jioni ya kwanza. Wapo wanaoona huruma na kumjazia mahindi na karanga kwa sababu amekuja na njaa, jambo ambalo linamwumiza, kwani tumbo lililokaa tupu kwa saa nyingi haliko tayari kusaga nafaka nzito, na utakuta asubuhi mfuko wa chakula ulioko shingoni bado umejaa na umekuwa mgumu. Siku ya pili ndipo ninapoongeza choroko na mbaazi, ambazo zina protini ya kutengeneza upya misuli iliyochakaa. Mahindi, karanga na alizeti hubaki kwa ajili ya siku za mwisho kabla ya kusafiri tena, kwa kuwa safari ndefu ya njiwa huendeshwa hasa na mafuta. Nafaka zozote zinazonuka uvundo au zenye ukungu zitupwe bila kusita; sumukuvu huua ini la ndege polepole, na njiwa mwenye ini bovu hapumziki hata umwache mwezi mzima.

Usafi wa maji una sababu nyingine pia. Ndani ya matenga ya safari njiwa wa mabanda mbalimbali hunywa chombo kimoja, na huko ndiko wanakoambukizana kimelea kinacholeta utando wa manjano kooni. Fungua mdomo wa kila aliyerudi, utazame koo kwenye mwanga. Likiwa na uwaridi safi, funga. Ukiona vidoa vya manjano, mtenge na umwone afisa mifugo kabla ya kununua dawa yoyote. Kinyesi cha kijani siku ya kuwasili hakitishi, kwa sababu ni nyongo ya tumbo lenye njaa. Kikiendelea kuwa cha kijani na majimaji hadi siku ya tatu, au shingo ikianza kupinda, hiyo ni dalili ya ugonjwa na inaweza kuwa wa jamii ya mdondo, kwa hiyo usimchanganye na wenzake.

Siku za kutulia

Kupumzika maana yake ni kukaa bandani bila kusumbuliwa, penye hewa, kivuli na giza la kutosha usiku. Mabanda mengi ya Mwanza yameezekwa kwa bati, na mchana wa jua bati hilo huligeuza banda kuwa tanuri. Njiwa hatoi jasho, hupoza mwili wake kwa kutweta, na anayetweta saa 8 mchana hapumziki bali anaendelea kufanya kazi. Weka nyasi juu ya bati, au mbao nyembamba chini yake ukiacha nafasi ya hewa kupita, na ufungue matundu karibu na paa upande usiopigwa na mvua. Jambo hili nimeliona likisaidia kuliko vitamini zote zinazouzwa dukani, na gharama yake ni mzigo mmoja wa nyasi.

Siku ya pili, kati ya saa 4 na saa 6 mchana, mpatie beseni la maji ya kuoga lenye kina cha sentimita 8 hivi, ukiweka siki kidogo au kiganja cha chumvi ya mawe. Njiwa ataingia mwenyewe, ataloweka kidari na kulalia ubavu mmoja huku ameinua bawa, kisha atatoka kuota jua na kuchambua manyoya kwa saa nzima. Yule ambaye siku ya pili hataki kuoga, ilhali wenzake wanagombea beseni, humwongezea siku bila kupima kingine chochote. Beseni liondolewe wakishamaliza, ili wasinywe maji yale.

Kuhusu madini, changanya mkaa uliosagwa, chumvi kidogo na maganda ya konokono wa ziwani yaliyopondwa. Maganda hayo yaokotwe yakiwa makavu juu ya mchanga. Usiingie majini kuyatafuta, kwa maana konokono wa ziwa hili ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na afya ya mfugaji nayo ina haki yake.

Idadi ya siku ninayoifuata ni hii: kutoka Misungwi, siku 1, kutoka Shinyanga, siku 2 kamili, kutoka Tabora, siku 4 au 5, na hasafiri tena mashindanoni kabla ya wiki 2. Aliyepigwa na mvua njiani, aliyelala nje, au aliyefika na jeraha huongezewa siku 2 nyingine angalau. Hizo ni hesabu za kuanzia, na mkono juu ya kidari unaweza kuzirefusha, ila usizifupishe kamwe kwa sababu njiwa anaonekana mchangamfu. Hilo nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilimfungulia dume siku ya pili baada ya kutoka Tabora, kwa kuwa tangu alfajiri alikuwa akiguna na kumzunguka jike wake kwa nguvu zote. Alizunguka pamoja na kundi mara mbili, akaanza kubaki nyuma, akashuka juu ya bati la jirani akiwa ameachama mdomo, na kipanga akamchukua pale pale kabla sijafika uani. Uchangamfu wa bandani unatokana na furaha ya kurudi kwa mwenziwe, na hauelezi lolote kuhusu hali ya misuli.

Kumrejesha angani

Siku ya kwanza ya mazoezi fungua mlango na umwache aamue. Usipeperushe bendera, usipige makofi, usimrushe kwa mkono. Kama atakaa juu ya paa, ajinyooshe bawa moja moja pamoja na mguu wa upande huo, kisha arudi ndani, hiyo inatosha. Akiruka, dakika 10 hadi 15 ni kiasi kizuri. Siku inayofuata mwache aende dakika 20 au 30, na baada ya hapo aungane na kundi kwa dakika 45 hadi saa nzima. Mtazame anavyotua, kwani anayerudi mdomo ukiwa umefungwa, au anayefunga mdomo ndani ya dakika 1 au 2 baada ya kutua, yuko tayari kuendelea. Anayetweta dakika 5 arudishwe hatua moja nyuma kesho yake. Bawa linaloning'inia, au linalopigwa chini kuliko lingine, linasimamisha mazoezi yote mpaka lipone.

Muda bora hapa kwetu ni mara tu jua linapochomoza, karibu saa 12:45 asubuhi, wakati hewa imetulia na mwewe hawajapata joto la kuwainua juu. Jioni ni kuanzia saa 11, upepo wa ziwani unapoanza kupungua. Katika miezi ya mvua za vuli na masika ninatazama mawingu juu ya ziwa kabla ya kufungua, kwa sababu dhoruba za asubuhi hutoka huko kwa kasi na njiwa aliyedhoofika hawezi kuzikimbia.

Wenye mayai au makinda wanahitaji hesabu tofauti. Mayai hulaliwa siku 17 hadi 19, dume akikaa kiotani tangu asubuhi inapokolea hadi alasiri na jike akikaa muda uliobaki, kwa hiyo kulalia kwenyewe ni mapumziko na hakuna haja ya kuwatenganisha. Makinda yakishaanguliwa mambo hubadilika, kwa maana wazazi wote wawili huwalisha maziwa ya mfukoni, yaani uji mzito unaotoka katika mfuko wa chakula wa shingoni, na mzazi aliyetoka Shinyanga leo akilisha makinda 2 usiku huohuo, anachota kutoka mwili ambao hauna cha kutoa. Hamishia kinda moja kwa jozi nyingine yenye makinda ya umri huohuo, au umwachie mwenziwe kazi kwa siku 2.

Kabla ya kumwandikisha tena, mrushe mara moja kutoka karibu. Yule jike wa majivu alikaa bandani siku 5, akaanza kwa dakika 10 siku ya sita, na siku ya kumi mizani ikasoma gramu 443, kidari kikiwa kimejaa na ngozi ikiwa na rangi ya uwaridi. Siku iliyofuata nilimpeleka Misungwi asubuhi na mapema pamoja na wenzake 4, nikawafungua saa 1:30. Mtu aliyekuwa nyumbani aliniandikia kwamba ametua saa 2:07, mdomo umefungwa, akaingia moja kwa moja kunywa maji.