Jinsi ya Kukusanya Santuri Adimu na Filamu za Vichochoroni

Mtu anayeanza kukusanya santuri za muziki ambao haukupewa nafasi redioni, au filamu za fedha kidogo zilizouzwa kwa damu, ngumi na vitisho, kwa kawaida huanza na orodha ya majina: bendi hii, mwongozaji yule. Orodha hiyo haimfikishi mbali, kwa sababu jina moja laweza kuwa na matoleo kumi, na bei, sauti, urefu, hata maudhui yenyewe hubadilika toka toleo moja hadi jingine. Mkusanyaji hununua toleo. Kwa hiyo mwongozo huu unaeleza zaidi namna ya kulitambua toleo kabla ya kutoa fedha, kisha namna ya kulitunza likishafika nyumbani. Suala la kipi kinastahili kupendwa namwachia msomaji.

Jambo la kwanza ni kujiwekea mpaka. Chagua lebo moja (yaani kampuni inayotoa santuri), mji mmoja, aina moja ya filamu au kipindi kifupi, ukijue vizuri kuliko wauzaji wengi unaokutana nao. Anayenunua kila kitu kilichochakaa akidhani kila cha zamani ni adimu huishia na makasha mazito yasiyo na mnunuzi. Santuri ya Curtis Mayfield ya filamu ya Super Fly, iliyotoka mwaka 1972, ni nzuri sana, lakini iliuzwa kwa wingi mno Marekani kiasi kwamba umri wake pekee haupandishi bei. Uadimu hutokana na idadi ya nakala zilizofyatuliwa kiwandani, idadi ya zilizosalia, na idadi ya watu wanaozitafuta. Kikikosekana kimojawapo, bei haipandi.

Ukiishika santuri mkononi, anza na lebo ya katikati, yaani karatasi ya duara iliyobandikwa hapo. Soma jina la kampuni, namba ya katalogi (namba ambayo kampuni hulipa kila toleo), nchi ilikofyatuliwa, rangi na mpangilio wa maandishi, kwa maana kampuni zilibadilisha lebo zao mara kwa mara na mabadiliko hayo ndiyo kalenda ya mkusanyaji. Kisha igeuze kwenye mwanga na utazame eneo tupu lililo kati ya mwisho wa mifereji na lebo. Hapo pamechorwa au kugongwa namba ya bamba lililotumika kufyatulia, na mara nyingine alama ya fundi aliyekata mifereji. Mwingereza George Peckham alikuwa akichora maneno "A Porky Prime Cut" kwenye santuri alizozikata mwenyewe, na wanunuzi hadi leo huyatafuta. Santuri ndogo ya kwanza ya bendi ya roki ya Nirvana, "Love Buzz", iliyotolewa na lebo ya Sub Pop ya Seattle, Marekani, mwezi Novemba 1988 kwa nakala 1,000 zilizoandikwa namba kwa mkono, ina mzaha uliochorwa kwenye eneo hilo, ukiwauliza vijana kwa nini wasibadilishe magitaa yao kwa masepetu. Santuri ya aina hii ndiyo inayoghushiwa, kwa sababu jalada ni karatasi nyepesi ambayo mashine yoyote ya kunakili huweza kuitoa, ilhali maandishi yaliyochorwa kwenye plastiki ni vigumu kuyaiga sawasawa. Mwombe muuzaji picha ya eneo hilo kabla ya kulipa, na akikataa, achana naye.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, uwanja ulio karibu zaidi ni santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilizofyatuliwa Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970. Lebo za kuzizoea ni Equator, Philips, Polydor, Moto Moto, Saba Saba na Melodica, na kwa taarabu ya pwani lebo ya Mzuri ya Assanand & Son wa Mombasa. Nyingi hazikuwa na jalada lenye picha, ila gamba la karatasi la kampuni lenye tundu katikati, na wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Ukikuta upande mmoja umeharibika, basi umepata nusu ya wimbo. Bendi za Tanzania, zikiwemo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, zilifyatuliwa santuri zao Nairobi, na biashara hiyo ilipata pigo wakati mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Aidha, rekodi nyingi za Radio Tanzania Dar es Salaam zilibaki kwenye kanda za redio bila kuwahi kufikia santuri. Ukiambiwa ipo santuri halisi ya wimbo wa RTD, uliza kwanza namba ya katalogi.

Wapi pa kutafuta? Kenyatta Market mjini Nairobi, sehemu ambayo wengi huifahamu kwa nyama choma, imekuwa na kibanda mashuhuri cha santuri kwa miaka mingi. Penye uwezekano mkubwa zaidi ni majumbani: kwa watu waliowahi kuwa na baa, waliopiga muziki kwenye madisko, na watumishi wa serikali waliostaafu wakiwa na gramafoni sebuleni. Santuri zilizotoka kwenye mashine za muziki za baa huwa zimechoka kwa kupigwa usiku na mchana. Ukienda nyumbani kwa mzee, kaa, sikiliza, uliza alinunua wapi na mwaka gani, uandike, kisha mwambie wazi bei ya sokoni ya kila santuri utakayoichukua. Wapo wanaojivunia kumnyang'anya mjane kasha zima kwa bei ya soda. Huo ni ulaghai, na zaidi ya hayo hufunga mlango wa nyumba za jirani zake wote.

Ukivuka mpaka wa Kenya na Tanzania, utajiri unaendelea. Bendi ya Musi-O-Tunya ya Zambia, mojawapo ya waanzilishi wa roki ya Zambia, ilifanya kazi Kenya na kurekodi Nairobi katika miaka ya 1970, hivyo kuiona santuri yake huku si jambo la ajabu. Na wa leo wasidharauliwe: Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyotoa mwaka 2017 mkusanyiko wa singeli za Dar es Salaam uitwao Sounds of Sisso, ni lebo ya kununua siku kazi inapotoka, kwa sababu matoleo ya lebo ndogo yakiisha ndiyo yameisha.

Hali ya santuri huandikwa kwa alama ambazo soko zima la dunia linazitumia: NM ni karibu na mpya, VG+ ina alama ndogo zisizosikika sana, VG inasikika mikwaruzo lakini muziki umesimama juu yake, na G, licha ya kumaanisha nzuri, ni santuri iliyochakaa. Kwa santuri za Afrika ambazo zilichezwa kwa sindano nzito kwenye vumbi, VG ya kweli ni neema, na anayekutangazia NM anahitaji kuthibitisha. Ili kujua bei, tazama kwenye Discogs, tovuti ya wauzaji na wanunuzi wa santuri, kiasi ambacho nakala zimeuzwa kwa kweli, wala si kiasi ambacho wauzaji wanakitamani. Tofauti ya namba hizo mbili yaweza kuwa mara tatu.

Kabla ya kuicheza, ioshe. Tumia maji yasiyo na chumvi wala madini, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kujazia betri, ila hakikisha chupa ni ya maji na si ya asidi ya betri, kwa kuwa mara nyingi hukaa rafu moja. Weka matone machache ya sabuni laini ya vyombo, pitisha brashi laini kufuata mzunguko wa mifereji bila kuilowesha lebo, suuza, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha isimamishe ikauke kivulini. Santuri za zamani za mizunguko 78, kama zile ambazo Siti binti Saad alizirekodi Bombay kuanzia mwaka 1928, usiziguse kabisa kwa spiriti, kwa sababu zilitengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu, nao huyeyuka katika spiriti. Hizo pia zinataka sindano yake pana, ya takriban mikroni 75 badala ya 25, na hupasuka zikianguka. Ukitaka kuzicheza za 45 zenye tundu kubwa, utahitaji kipande cha plastiki cha kujazia tundu. Kinanda, yaani mashine ya kuchezea santuri, kiwe chenye mkono wa sindano unaopimika uzito. Gramu mbili hivi zinatosha kwa sindano nyingi za sasa, ilhali vinanda vya zamani vya sanduku hukandamiza kwa uzito mkubwa na kuchimba mifereji kila santuri inapopigwa.

Hifadhi zikiwa zimesimama wima, zisilale moja juu ya nyingine, ndani ya magamba mapya ya karatasi au plastiki laini. Santuri kubwa mia moja pamoja na majalada yake hufikia takriban kilo 25, kwa hiyo rafu iwe ya mbao imara. Pwani adui ni unyevu, unaootesha ukungu kwenye majalada. Bara adui ni vumbi na mchwa. Jua kupitia dirishani hupinda santuri kwa alasiri moja tu.

Katika filamu, suala la toleo ni gumu zaidi, kwa kuwa filamu hizi zilikatwakatwa na wasambazaji na mamlaka za ukaguzi kila zilipopita. Chukua Africa Addio, ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyotoka mwaka 1966. Inatuhusu moja kwa moja, kwa sababu ina picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Zanzibar mwezi Januari 1964, zikionyesha makaburi ya halaiki na watu wanaokimbia. Toleo la Italia linakaribia saa mbili na dakika 20. La Marekani la mwaka 1970 lilipunguzwa hadi takriban dakika 80, likapewa jina Africa: Blood and Guts, na kubakishwa vifo bila maelezo. Kwa maoni yangu filamu yenyewe ina dharau nyingi kwa Waafrika hata ikiwa kamili, lakini anayetaka kuihifadhi kama ushahidi hana kazi na ile iliyokatwa. Filamu nyingine hubadilishwa jina tu: Zombi 2 ya Lucio Fulci ya mwaka 1979 iliitwa Zombie Marekani na Zombie Flesh Eaters Uingereza, na mnunuzi asiyejua hununua kitu kilekile mara tatu.

Kanda za VHS za Uingereza zilizotoka kabla ya Sheria ya Rekodi za Video ya mwaka 1984 zina soko la pekee, kwa sababu zilitoka bila cheti cha ukaguzi. Waendesha mashtaka wa huko walikuwa na orodha ya filamu za kushtakiwa iliyofikia majina 72, na 39 kati yake yalitiwa hatiani mahakamani. Bei za kanda hizo leo zinalipia historia hiyo kuliko picha, ambayo kwa kawaida ni mbovu. Atakaye kuitazama filamu yenyewe anunue diski mpya za kampuni zinazosafisha upya hasi za asili (filamu mama zilizopita kwenye kamera), kama Arrow Video, Severin au Vinegar Syndrome.

Hapo kuna mambo ya kiufundi yanayowagharimu wanunuzi wa kwetu. Diski hufungwa kwa kanda, yaani eneo la dunia, na mashine ya kanda nyingine huzikataa. Diski za Blu-ray za Marekani ni za kanda A, ilhali Afrika tumewekwa kanda B pamoja na Ulaya. DVD za Afrika, isipokuwa nchi chache kama Misri na Afrika Kusini, ni kanda ya 5. Nunua mashine isiyofungwa kwa kanda, au thibitisha kabla ya kuagiza. Diski za 4K hazina kizuizi hicho. Pia usidhani umepunjwa ukiona DVD ya PAL, mfumo wa televisheni wa kwetu na wa Ulaya, ina dakika 96 na kitabu kinasema 100: filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, PAL huiendesha kwa 25, na zile dakika nne huliwa na mwendo. Kanda ya VHS yenye unga mweupe kingoni ina ukungu. Usiiingize kwenye mashine, utaambukiza nyingine zote. Na filamu ya reli, yaani mkanda wa picha uliozungushwa kwenye gurudumu, inayonuka siki imeanza kuoza kikemikali. Itenge, maana haiponi, ubaridi huichelewesha tu.

Kwa Uganda, Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na kutoka mwaka 2010, ni mfano mzuri wa toleo lililosalia kwa bahati. Nakala ya awali ilifutwa ili kupata nafasi kwenye kompyuta, ikabaki ile yenye sauti ya VJ Emmie akisimulia na kutania juu ya picha. Hapa kwetu mambo ni hayohayo. Filamu zilizotafsiriwa na Lufufu kwa vibanda umiza vya Tanzania, au na DJ Afro kwa kumbi za Kenya, zilisambaa kwa kanda na diski za kurekodiwa ambazo rangi yake hufifia hadi zikakataa kusomeka. Ukikuta moja, inakili siku hiyohiyo kwenye diski kuu mbili zilizo sehemu tofauti, andika jina la msimulizi, mahali ulipoipata na jina la filamu ya asili, na uihifadhi diski yenyewe pia pamoja na karatasi yake, hata ikiwa imeandikwa kwa kalamu ya wino.

Mwisho, kabla ya kuagiza filamu kutoka nje, soma sheria. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zinakataza kuingiza na kusambaza vitu vya uchafu, na afisa wa forodha hatajali kwamba filamu hiyo inafundishwa chuo kikuu fulani. Zilizo za ngono waziwazi ziache hukohuko. Kwa nyinginezo, mwombe muuzaji aandike kwenye fomu thamani halisi na maelezo ya kweli ya kilichomo, maana kifurushi kilichoandikwa "zawadi" kikifunguliwa na kukutwa diski thelathini, kitakaa posta kwa muda mrefu kuliko safari yake yote.