Kupima presha kwenye zahanati yenye foleni, hatua kwa hatua

Mtu mzima yeyote anayefika zahanati apimwe presha, hata kama kilichomleta ni kikohozi au kumsindikiza mjukuu kuchanjwa. Wengi wenye presha ya kupanda hawaumwi kichwa wala hawaoni kizunguzungu. Ninachokiona vituoni si kwamba hatupimi. Tunapima vibaya, kisha tunamwanzishia mtu dawa za kumeza miaka yote kwa namba iliyotokana na haraka ya foleni.

Hatua ya 1: Anzia kwenye benchi

Aliyetembea juani akae ametulia dakika 5 kabla ya kupimwa. Kahawa na sigara ziwe zimepita angalau nusu saa. Muulize pia kama amebanwa na haja ndogo, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Wazee hujibana wakiogopa kupoteza nafasi, kwa hiyo waambie waziwazi kwamba wakirudi watakuta nafasi yao ipo.

Hatua ya 2: Mkao

Kiti kiwe na egemeo, nyayo zikae sakafuni, miguu isipishanishwe. Mkono ulale mezani, mkanda wa mashine ukiwa usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, kila sentimita 10 chini ya moyo huongeza karibu mmHg 8 (mmHg ndicho kipimo cha presha), kiasi cha kutosha kumpa mtu mzima ugonjwa asio nao. Meza ikiwa fupi, weka rejista mbili chini ya kiwiko.

Sasa nguo. Usikunje mkono wa sweta au gauni la kubana hadi begani, utakuwa umemfunga kamba. Atoe mkono nje, ajifunike khanga, na upimie nyuma ya pazia.

Hatua ya 3: Mkanda

Mpira wa ndani uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo. Kama kituo kina fedha ya kununua kitu kimoja tu, mimi ningechukua mkanda mkubwa kabla ya mashine ya pili.

Hatua ya 4: Pima

Kimya, wewe na yeye. Salamu na habari za shamba zimalizike kwanza, kwa sababu kuongea nako hupandisha. Kwa mashine ya mshale, hakikisha mshale umelala kwenye sifuri. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, jaza upepo mpaka yapotee, ongeza 30, kisha fungua taratibu, mmHg 2 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ya mapigo unayoisikia kwenye stetoskopu ndiyo namba ya juu. Sauti zinapokatika ndiyo ya chini.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, na siku zijazo tumia wenye namba kubwa. Ikianzia 130/85 kwenda juu, pima mara mbili zaidi kwa kupumzika dakika moja katikati, na uchukue wastani wa hizo mbili za mwisho. Andika ulichokiona: 138 ibaki 138. Rejista yenye 120/80 ukurasa mzima haimdanganyi msimamizi yeyote aliyewahi kushika mashine.

Hatua ya 5: Amua

Chini ya 130/85, arudiwe ndani ya miaka 3, au kila mwaka kama ana kisukari, unene au ndugu wenye presha. Kati ya hapo na 139/89, mshauri na umpime tena mwakani. Kuanzia 140/90, mrudishe baada ya wiki 1 hadi 4 kabla ya kumwita mgonjwa, na umpime sukari.

Ikifika 180/110, rudia hapohapo. Akiwa na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, macho kuona ukungu au upande mmoja kulegea, mpe rufaa sasa hivi. Mjamzito mwenye 140/90 hasubiri wiki. Apimwe protini kwenye mkojo leo na aonwe leo.

Hatua ya 6: Ushauri

Hapa ndipo tunapohubiri: punguza chumvi, fanya mazoezi, acha pombe, punguza mawazo. Mtu anaitikia "ndiyo, daktari" na kwenda zake. Anza kwa kuuliza.

"Shikamoo bibi. Nyumbani nani anapika?"

"Marahaba. Mkwe wangu."

"Chumvi anatia jikoni, au mnajiongezea mezani?"

"Anatia. Na mimi naongeza, ulimi wangu umezeeka."

Umeshapata pa kushika: kile kibakuli cha mezani kiondoke. Siku hiyo usiongeze jingine. Lengo ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye papa mkavu, ng'onda na viungo vya mchuzi vya unga. Akirudi, ongezeni kutembea kwa kasi nusu saa, siku 5 kwa wiki. Anayevuta sigara, kuiacha ndiko kuanze.

Atakayesema "dawa nikianza sitaiacha" usimcheke. Mweleze kwamba presha hushuka kwa sababu anaimeza, na akiiacha kimyakimya itapanda tena bila kumpa taarifa. Kitunguu saumu ale tu, ila kisichukue nafasi ya kidonge.

Hatua ya 7: Kadi

Andika namba, mkono uliopimwa, jambo mlilokubaliana na tarehe ya kurudi. Msomee kwa sauti, kwani wengine wameacha miwani nyumbani. Chukua namba ya simu, yake au ya mwanawe, na kila Ijumaa wapigie ambao tarehe yao imepita.