Kulegeza sampu unapobadilisha kamshafti ya V8 ya lita 5.3 nyumbani

Injini tunayoizungumzia ni LM7, V8 ya lita 5.3 iliyofungwa kwenye Chevrolet Silverado na Tahoe, na kwenye GMC Sierra na Yukon, kuanzia 1999 hadi 2007. Marekani watu wengi huibadilishia kamshafti wenyewe, gari likiwa limepandishwa kwenye stendi nyumbani, na magari haya yapo pia Oman na Emirati. Kamshafti yake, yaani shafti inayofungua valvu, imelala katikati ya bloku, juu ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na hutolewa kwa mbele. Haifikiki mpaka kava ya mbele itoke, na kava hiyo imekalia sampu (bakuli la oili chini ya injini), imefungwa nayo kwa bolti mbili zinazoingia kutoka chini. Ndiyo maana huwezi kuifanya kazi hii bila kuigusa sampu.

Amua kwanza utailegeza kiasi gani

Ikiwa unabadilisha kamshafti peke yake, cheni na pampu ya oili zikibaki zilezile, toa zile bolti mbili za chini ya kava basi. Giya ya kamshafti inatoka kwa bolti tatu, cheni inabaki imening'inia kwenye kranki, na kamshafti inavutwa nje. Bolti nyingine za sampu usiziguse.

Mambo hubadilika ukitaka cheni mpya au pampu mpya. Pampu imevaa kranki na iko mbele ya cheni. Haitoki mpaka iachane na bomba la kufyonzea oili, na bolti ya bomba hilo imejificha ndani ya sampu. Hapo sampu lazima ishuke upande wa mbele. Kwa gari lililopita kilomita 200,000 tunashauri ufanye hivi hata kama pampu bado ina nguvu, kwa sababu oringi (pete ya mpira ya kuziba) ya bomba hilo itakuwa imekauka, na kuifikia tena baadaye ni kurudia kazi yote.

Sampu kutoka kabisa ni kwa dharura: kitu kimeanguka ndani, au gasketi imechanika. Kwenye gari la fowili difu ya mbele inakaa chini yake na kuizuia, hivyo kazi inakuwa ndefu zaidi. Kitu kinachoanguka mara nyingi ni tepeti, kipande kinachokaa juu ya kamshafti na kusukuma fimbo ya valvu (pushirodi). Kwa hiyo ukishatoa roka na pushirodi, zungusha kamshafti mizunguko miwili kamili ili isukume tepeti zote juu, zikamatwe na vishikio vyake vya plastiki. Kisha pitisha fimbo mbili laini za chuma, unene wa inchi 5/16, kwenye matundu mawili yaliyo mbele ya bloku pembeni mwa kamshafti. Vishikio vya zamani huchoka na kuachia bila onyo, na fimbo hizo ndizo zitakazozuia tepeti zisishuke. Injini za 2007 na kuendelea zenye mfumo wa kuzima silinda nne hazifanyiki hivi: kwa hizo silinda hedi lazima zitoke.

Kabla ya kushika spana

Andaa soketi ya milimita 10, fupi na ndefu, ekstensheni na jointi yake, soketi ya 15, spana ya torki inayosoma hadi chini ya Nm (nyutoni-mita) 12, sumaku ya kuokotea bolti, oringi ya bomba, gasketi na sili ya kava ya mbele, bolti mpya ya puli ya kranki, na silikoni ya injini. Jeki peke yake haitoshi kulala chini ya gari. Weka stendi nne au mbili imara, halafu litikise gari kabla ya kuingia.

Toa waya hasi wa betri. Mwaga maji ya redieta na oili injini ikiwa imepoa. Pampu ya maji ikitoka, maji yaliyobaki kwenye bloku hushuka mbele, na kava ikiwa wazi yanaingia moja kwa moja kwenye sampu. Ziba uwazi huo kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na usijaze oili mpya mpaka kila kitu kifungwe.

Kuishusha

Anza na vitu vilivyoshikiliwa na sampu: kibanio cha waya wa stata, kishikio cha mabomba ya kupozea giaboksi, na plagi ya sensa ya kiwango cha oili kama gari lako linayo. Kisha legeza bolti mbili za milimita 15 zinazounganisha giaboksi na sampu kwa nyuma. Hizi husahaulika sana. Sampu hii ni ya alumini nzito, nayo inabeba sehemu ya mzigo wa giaboksi, si bati la kufunika tu. Bolti hizo zikiwa bado zimekaza, sampu haishuki hata ufanye nini, na mtu huishia kuitekenya kwa bisibisi na kuukwaruza uso unaotakiwa kuziba.

Sasa toa bolti za mbele za sampu, kisha rudi nyuma ukitoa za kushoto na kulia kwa zamu. Bolti mbili za mwisho kila upande zilegeze tu bila kuzitoa, na zile mbili nyembamba ndefu za nyuma kabisa zirudishe nyuzi kadhaa. Hizo ndizo zitakazofanya kazi ya bawaba. Sampu inashuka sentimita mbili hivi mbele, na nafasi hiyo inatosha.

Ikigoma, tatizo liko kwenye silikoni ya kiwandani kwenye kona, pale bloku, kava na sampu zinapokutana. Ikate kwa kisu chembamba cha plastiki, kisha gonga ubavu wa sampu kwa nyundo ya mpira. Gasketi yake ni fremu ya chuma yenye ukingo wa mpira, na kiwandani hubanwa kwenye sampu kwa riveti, kwa hiyo itashuka pamoja nayo. Kagua mpira wa mbele kwa tochi. Ukiwa mzima, usafishe na uuache. Ukiwa umechanika, silikoni ya kupaka juu yake haitadumu. Sampu itoke, riveti zitobolewe, gasketi mpya iwekwe.

Oringi, mahali kazi inapoharibikia

Bomba limeshikwa kwenye pampu kwa bolti moja tu, upande mmoja. Ukilitumia bolti hilo kulivuta bomba liingie, linaingia likiwa limeinama na oringi inakatwa ukingo. Pampu inaanza kufyonza hewa. Dalili zake ni presha inayochelewa kupanda asubuhi, inayoanguka injini ikipata moto, na tepeti zinazogonga. Watu wengi hulaumu pampu mpya, wakainunua ya pili, kumbe kosa ni mpira wa bei ndogo.

Oringi za bomba hili hutofautiana unene kufuatana na bomba na pampu, kwa hiyo nunua kwa namba ya sehemu wala usikisie kwa rangi. Ipake oili safi na uivishe kwenye bomba. Bomba limeshikwa pia kwa nyuma na halisogei sana, hivyo lete pampu kwenye bomba wakati unaivisha kranki, ukisukuma kwa mkono mpaka shingo ya bomba igote sawasawa pande zote. Ndipo uweke bolti: Nm 12. Bolti nne za pampu ni Nm 25. Kabla ya kuifungia pampu, mimina oili ndani yake huku ukiizungusha.

Kurudisha

Giya ya kamshafti hukazwa Nm 35. Safisha nyuso zote kwa spiriti. Weka kava na gasketi mpya, bolti zake zikiwa za kushika tu. Ingiza puli ya kranki kidogo ili sili ijipange katikati, na hakikisha chini ya kava iko sawa na chini ya bloku. Kisha kaza kava Nm 25. Paka silikoni kwenye kona mbili za mbele, upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 20, juu ya ncha za gasketi zinazochomoza. Kona za nyuma nazo zipake kama silikoni yake imeachia. Usizidishe: inayobanwa ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la bomba.

Pandisha sampu na uzianze bolti zote kwa vidole. Zile za giaboksi zilete mpaka ziguse kabla ya kukaza nyingine, ili sampu itafute mahali pake. Nyuma yake isichomoze kupita bloku, na ikirudi ndani isizidi milimita 0.25. Bolti za sampu, pamoja na mbili za kava, ni Nm 25. Zile nyembamba za nyuma ni Nm 12, na ukizikaza kama wenzake zinakatika. Za giaboksi ni Nm 50. Puli ya kranki isukume mpaka mwisho kwa bolti ya zamani, kisha funga bolti mpya kwa Nm 50, halafu izungushe digrii 140 zaidi.

Iache silikoni siku nzima. Weka filta mpya na oili lita 5.7. Toa rilei ya pampu ya mafuta na upige stata kwa vipindi vya sekunde kumi, ukiipumzisha katikati, mpaka geji ya presha ipande. Isipopanda baada ya vipindi kadhaa, usiwashe injini: rudi kwenye oringi. Ikipanda, rudisha rilei, washa, na injini ikishapata moto ingia chini na tochi uangalie kona zote nne.