Ukienda Macon kuwazuru Allman Brothers, usiishie kwenye kaburi la Duane

Kama upo Atlanta au maeneo ya karibu na unapenda rock ya zamani, Macon, mji wa jimbo hilo hilo la Georgia, Marekani, ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, unashuka na barabara kuu ya I-75 kuelekea kusini kama saa moja na nusu hivi, ikiwa foleni ya Atlanta haijakukamata. Kule kuna makaburi yanaitwa Rose Hill na ndipo walipolala wanamuziki wa bendi ya rock ya Allman Brothers Band, wakiwemo Duane Allman mpiga gitaa, Berry Oakley na Gregg Allman, mdogo wake Duane. Wengi wakifika wanapiga selfie, wanaacha pick ya gitaa, kile kijiplastiki cha kukwanyulia nyuzi, wanarudi kwenye gari, dakika kumi kwisha kazi. Si dhambi lakini ni hasara, maana hao jamaa wenyewe wakiwa hai walikuwa wanashinda humo humo makaburini wakipiga gitaa, na majina ya nyimbo zao mbili yametoka kwenye mawe ya watu wengine kabisa. Sasa kama bendi ilikuwa inasoma mawe ya majirani, wewe shabiki unakimbilia wapi?

Kwa wasiowajua, kwa kifupi tu. Bendi ilianza Jacksonville, Florida, Machi 1969, wakahamia Macon sababu lebo yao, Capricorn, ilikuwa pale chini ya Phil Walden, huyo ndiye aliyekuwa meneja wa mwimbaji wa soul Otis Redding. Vijana wazungu wenye nywele ndefu pamoja na mpiga ngoma mweusi, Jaimoe, wote nyumba moja bendi moja, Georgia ya 1969, hebu piga picha macho waliyokuwa wanatupiwa mtaani. Duane akafa 29 Oktoba 1971 kwa ajali ya pikipiki humo humo mjini, ana miaka 24. Mwaka mmoja na siku chache mbele, 11 Novemba 1972, Berry mpiga besi naye akapata ajali ya pikipiki mitaa michache tu toka alipoangukia mwenzie, naye 24. Gregg aliishi mpaka 27 Mei 2017, akaletwa kuzikwa karibu na kaka yake.

Tuanze na lini uende. Watu wanapenda tarehe za vifo, Oktoba mwishoni na Novemba mwanzoni, na kwa kweli hali ya hewa ya Georgia wakati huo ni tamu, majani yanageuka rangi, jua halikupigi. Machi pia pazuri kwa sababu Macon ina miti ya cherry kila kona na wanaifanyia sikukuu, ila kama una mafua ya aleji ujue vumbi la njano la misonobari linaanza kipindi hicho, litakutoa machozi hata kabla hujaliona kaburi. Julai na Agosti mimi simshauri mtu, joto lile la unyevunyevu ni la Dar kabisa isipokuwa hakuna upepo wa bahari. Vaa viatu vilivyofunika vidole maana kuna wale wadudu chungu wekundu wa Kusini, ukisimama juu ya kichuguu chao bila kujua utaruka majoka. Na chukua maji, mle ndani hamna duka.

Makaburi yenyewe yapo Riverside Drive, yameshuka kwenye mteremko mpaka karibu na mto Ocmulgee, na chini kabisa inapita reli. Yalianzishwa 1840 na bwana mmoja anaitwa Simri Rose, mtu wa magazeti aliyependa sana miti na maua, ndio maana jina ni Rose Hill, na yeye mwenyewe amezikwa humo. Ujue enzi hizo miji mingi haikuwa na bustani za kupumzikia, kwa hiyo makaburi kama haya yalipangwa kama bustani, watu wanakuja Jumapili na chakula na watoto. Sisi tumezoea makaburini ni kuzika, kusoma dua, kupalilia, basi tumeondoka, hivyo usishangae kumuona mtu anatembeza mbwa au amekaa anasoma kitabu. Hakudharau mtu, ndio matumizi ya pale tangu zamani.

Kaburi la Duane na la Berry yapo chini huko upande wa reli, pembeni kwa pembeni, yamezungushiwa uzio. Uzio umewekwa kwa sababu mashabiki walikuwa wanaharibu, wengine wanakwaruza majina yao kwenye jiwe, wengine wanataka kuondoka na kipande. Kwa Duane utaona gitaa limechongwa kwenye jiwe, na maneno aliyoyaandika mwenyewe kwenye diary yake. Yasome taratibu, usiyapite, ni maneno ya kijana anayejipangia mwaka wake awe mtu gani. Kwa Berry limechongwa gitaa la besi. Usiruke uzio, usikae juu ya jiwe, usimwage bia wala whisky eti unampa marehemu, pombe na sukari vinachafua jiwe na vinaita wadudu. Pick, ua moja, sarafu, sawa. Mishumaa hapana, nta inaingia kwenye vinyweleo vya marumaru na haitoki, na majani makavu ya Oktoba yanashika moto haraka.

Kama unadhani nakuza mambo, kaangalie yaliyompata Jim Morrison, mwimbaji wa The Doors, pale kwenye makaburi ya Père Lachaise, Paris. Walimwekea sanamu ya kichwa mwaka 1981, miaka kumi baada ya kifo chake, mwaka 1988 ikaibiwa, na polisi wa Ufaransa wameipata 2025 wakiwa kwenye upelelezi wa kesi nyingine. Makaburi ya majirani zake yamechorwa chorwa miaka na miaka na watu wanaodai wanampenda. Ndio upendo huo?

Haya, umemaliza kwa Duane, sasa ndio safari inaanza. Mtafute Elizabeth Jones Reed Napier, amezaliwa 1845 amefariki 1935. Dickey Betts, mpiga gitaa mwingine wa bendi, alitunga kipande kisicho na maneno kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye alikuwa ana mtu wake, akaogopa kuweka jina la kweli, akachukua jina alilolisoma kwenye jiwe hapo. Ndio "In Memory of Elizabeth Reed" hiyo. Mama wa watu kafariki zamani, hana habari na rock wala mapenzi ya mtu, leo jina lake linapigiwa makofi dunia nzima. Halafu mtafute Martha Ellis, binti wa miaka 12, kaburi lake lina sanamu yake, na ndiye aliyechangia jina la "Little Martha", kipande cha Duane cha gitaa tupu. Njia nzuri ni kwenda na earphone, unafika kwenye jiwe ndio unabonyeza. Spika acha kwenye gari, siku hiyo hiyo kunaweza kuwa na familia inazika mtu wao.

Kusoma mawe ya zamani kuna ufundi wake. Marumaru ya 1850 au 1880 imeliwa na mvua, ukisimama mbele yake saa sita mchana huoni herufi hata moja, unaona ubao mweupe. Usipake chaki, usipake unga, usipake povu la kunyolea kama wanavyofundisha kwenye video, hivyo vyote vinabaki kwenye jiwe na kulila. Chukua kioo cha kawaida, au washa tochi ya simu uishike pembeni kabisa ya jiwe, karibu iguse ukingo, ili mwanga utelezee juu ya uso wake badala ya kuupiga usoni. Hapo kila mkato unatoa kivuli na jina linajitokeza, mwaka, mwezi, "mke wa fulani", mpaka unasema kumbe! Piga picha mbili tatu ukibadilisha upande wa mwanga. Asubuhi mapema au jioni jua likiwa chini kazi inakuwa rahisi zaidi. Kuosha jiwe usithubutu bila ruhusa, na hata ukipewa ruhusa ni maji na brashi laini tu, Jik na brashi ya waya vinaua jiwe, linaanza kumeguka kama chokaa ya ukuta wenye fangasi.

Soma na alama pia. Mwanakondoo ni mtoto. Nguzo iliyokatwa juu ni mtu aliyeondoka kabla ya wakati wake. Ukikuta jiwe limechongwa kama gogo la mti, huyo mara nyingi alikuwa mwanachama wa Woodmen of the World, chama cha bima ya maisha kilichoanza 1890, kwa hiyo ni kama tangazo la bima lililodumu zaidi ya karne.

Sasa hapa kuna jambo ambalo ziara nyingi zinalipita haraka. Rose Hill ina eneo la wanajeshi wa Kusini wa ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, kama 600 hivi, mawe yamepangwa mistari, huwezi kulikosa. Ila ipo pia sehemu inaitwa Oak Ridge, walikozikwa watumwa na watu weusi wa Macon, na huko mengi hayana jiwe, unaona nyasi na mabonde tu ardhini. Mimi nadhani ukipita kwa hao wanajeshi ukaacha Oak Ridge umesoma nusu ya mji. Na ukiwa na muda, toka kabisa uende Linwood, makaburi ya watu weusi kwenye mtaa wa Pleasant Hill, yupo Jefferson Long, aliyezaliwa mtumwa, akawa fundi cherehani, na mwaka 1871 akaingia bunge la Marekani, mtu mweusi wa kwanza kutoka Georgia, na mbunge wa kwanza kabisa mweusi kuhutubia ndani ya House, yaani Baraza la Wawakilishi. Mtaa huo huo ndio aliozaliwa Little Richard, yule mkali wa rock and roll, 1932. Hapo sasa unaelewa muziki wa akina Duane ulikuwa umetoka kunywa kisima gani.

Otis Redding je? Huyu amezikwa kwenye shamba la familia yake nje ya mji, ni nyumbani kwa watu, usiende kuchungulia getini. Sanamu yake ipo mjini kwenye bustani karibu na mto, mtolee salamu pale. Na kwa mashabiki wa bendi ya Queen wanaoniuliza kila mara, mtoto wa Stone Town Freddie Mercury hana kaburi la kuzuru, mwili wake ulichomwa Kensal Green, London, Novemba 1991 na majivu yakahifadhiwa kwa siri. Tuheshimu.

Kama mnataka kufanya kumbukumbu ya kundi, watu kumi na tano na gitaa, waulizeni kwanza ofisi ya Macon-Bibb, yaani serikali ya mji, inayosimamia makaburi, msijitokeze tu. Ila wazo langu ni hili, kila mtu achague jiwe moja ambalo sio la staa, aandike jina, akirudi nyumbani amtafute. Magazeti ya zamani ya Macon yamewekwa intaneti bure kwenye Georgia Historic Newspapers, unaandika jina unakuta tangazo la msiba, kesi ya kiwanja, harusi, hata mtu kapoteza ng'ombe. Washington Memorial Library hapo mjini nayo ina chumba kizima cha historia na koo za watu, na wakutubi wake wanapenda sana mtu aliyekuja na swali.

Njaa ikiuma nendeni mgahawa wa H&H, Forsyth Street, imefunguliwa 1959. Mama Louise Hudson ndiye aliyekuwa anawalisha hao vijana kwa mkopo walipokuwa hawana kitu, amefariki 2022, ila kuku wa kukaanga bado yupo. Angalieni saa zao kabla hamjatoka makaburini.