Kabla ya kuweka matokeo ya mtoto kwenye status, kata namba ya mtihani

Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka kila mzazi anataka watu waone, na ni haki yake. Ila picha ikate kwanza: zibaki divisheni na alama za masomo, namba ya mtihani (ile inayoanza na S, yenye mkwaju (/) katikati) na jina la shule viondoke. Kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) matokeo yamepangwa kwa shule na namba, bila jina la mtahiniwa. Jina unalileta wewe na "Hongera sana mwanangu" yako. Picha ikishafika kwenye magrupu, tapeli ana kila kitu. Akipiga akijifanya mwalimu mkuu, akakutajia shule, namba ya mtihani, hadi Kemia B, Hisabati C, lazima umwamini, na hapo ndipo inapokuja "tuma kidogo tushikilie nafasi ya mtoto".

Kata, usifiche kwa kuchorachora. Baadhi ya brashi za simu zinapitisha mwanga, na mtu akiongeza ung'avu wa picha namba inaweza kusomeka.

Haisaidii kama kijana mwenyewe ameshawatumia wenzake picha nzima, kwa hiyo zungumza naye mapema (ndiye mwenye matokeo, hata ruhusa muombe). Haisaidii pia ukibandika pembeni picha yake akiwa na sare yenye nembo, hasa kama shule ni ndogo na Divisheni One ni yake peke yake.