Jinsi ya kutafuta plastiki ndani ya dagaa na mgebuka

Ukimpasua mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika anayekula samaki wadogo, aliyevuliwa usiku, mara nyingi utakuta dagaa tumboni, wengine bado wazima kabisa. Chochote alichokuwa amekula dagaa, mgebuka amekimeza pamoja naye. Na sisi je? Mgebuka tunamtoa utumbo kabla ya kumkaanga, lakini dagaa tunamla mzima, kichwa na tumbo. Mtu anayekula ugali kwa dagaa hapa Kigoma amekaa nafasi ileile ya mgebuka. Ndiyo maana wanafunzi wangu huwa wanaanza na dagaa.

Njia hii inafaa maabara ya kawaida ya sekondari. Tunachotafuta ni vipande vya plastiki visivyofika milimita 5.

Hatua ya 1: Nunua mwaloni, asubuhi

Nenda Kibirizi mitumbwi inaporudi. Chukua dagaa wabichi 30 na migebuka 3, uwaweke kwenye chupa za kioo. Wapate kabla hawajaanikwa. Halafu nunua na dagaa wakavu kidogo, uwatenge. Wakavu wakionyesha plastiki nyingi kuliko wabichi, una sababu ya kushuku mchanga, upepo na magunia, si ziwa peke yake.

Hatua ya 2: Zuia plastiki yako mwenyewe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo usiwe na haraka. Nguo tunazovaa zinapukutisha nyuzi ambazo hazionekani kwa macho. Vaa pamba. Zima feni, funga madirisha, futa meza kwa kitambaa cha pamba chenye maji. Maji na dawa zote zichujwe kwanza kwa karatasi ya kuchujia.

Kisha andaa chupa ya ulinganisho: haina samaki, ila inapitia kila hatua wanayopitia samaki. Mwaka mmoja tulifurahi kukuta nyuzi nyekundu karibu katika kila sampuli, mpaka tulipotazama chupa ile. Nazo zilikuwemo. Zilitoka kwenye kitambaa cha kufutia meza. Tulitupa kazi ya wiki nzima, na wanafunzi waliumia, lakini kuwaambia watu kwamba chakula chao kina plastiki ambayo umeileta wewe ni kosa kubwa zaidi.

Hatua ya 3: Pima na pasua

Pima uzito wa kila samaki, uandike. Suuza dagaa kwa nje, weka watano katika kila chupa. Kwa mgebuka, chukua tumbo na utumbo tu. Dagaa utakaowakuta humo waweke chupa yao peke yao, kwa sababu wao ndio ushahidi wa njia ya plastiki kutoka kwa dagaa hadi kwa mgebuka.

Hatua ya 4: Yeyusha nyama

Tengeneza potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10: yeyusha gramu 100 kwenye maji, kisha ongeza maji hadi ifike lita 1. Tia dawa kwenye maji kidogo kidogo, usimimine maji juu ya dawa. Mchanganyiko unapata joto kali. Glavu na miwani ni lazima, dawa hii inapofusha. Usitumie sufuria ya alumini, kwani inaliwa na dawa na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka.

Mimina dawa mara tatu ya ujazo wa samaki, funika kwa sahani ya kioo. Kwenye oveni ya sentigredi 40, siku mbili au tatu zinatosha. Bila oveni, subiri wiki mbili hadi tatu. Usivuke sentigredi 60, maana baadhi ya plastiki zitaanza kuharibika.

Hatua ya 5: Elesha, chuja, tazama

Chuja, suuza, kisha weka masalia kwenye maji yaliyoshiba chumvi, uyaache usiku kucha. Mifupa na mchanga vitazama; polithini na nailoni ya nyavu vitaelea. Plastiki ya chupa za maji ni nzito, nayo huzama, kwa hiyo kagua na mashapo. Chuja sehemu ya juu, tazama karatasi kwa hadubini.

Ukishuku kipande, kiguse kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto. Plastiki nyingi hulainika au kujikunja. Ganda la mdudu na uzi wa pamba haviyeyuki.

Hatua ya 6: Soma hesabu kwa uangalifu

Linganisha na chupa ya ulinganisho kwanza. Kisha gawanya idadi kwa uzito, la sivyo mgebuka ataonekana mchafu kwa sababu tu ni mkubwa. Usitegemee kwamba anayekula wenzake lazima awe na vipande vingi zaidi. Baharini, majaribio ya Uingereza yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha zuplanktoni, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea majini, wakila chembe za plastiki, na mengine ya mwaka huohuo yalionyesha chembe zikihama kutoka kome hadi kwa kaa aliyewala. Lakini kuhama si kurundikana: nyingi hutoka na kinyesi. Kwa hiyo dagaa mdogo mwenye tumbo lililojaa anaweza kumzidi mgebuka, gramu kwa gramu.

Dawa iliyobaki ipunguze makali kwa siki mpaka karatasi ya litmasi nyekundu isigeuke buluu tena, ndipo uimwage kwenye shimo la maabara. Isifike ziwani.